Fimbo ya besi kwa mnyoo wa plastiki na jigi: nichukue ipi?

Mdigo_wa_Garland

Wakuu, habari za leo. Niko Garland, Texas, jirani kabisa na Lake Ray Hubbard, na msimu huu nataka kuvua besi, yule samaki wa maji baridi, kisawasawa. Navulia ukingoni, boti sina. Sehemu zangu ni mawe yaliyopangwa kando ya daraja la barabara kuu ya I-30 na vile vighuba vyenye matete. Nataka kutumia mnyoo wa plastiki na jigi (ndoana yenye kichwa kizito) tu, mengine baadaye.

Pale bohari ninapofanya kazi kila mtu ana lake. Huyu anasema futi saba na inchi sita, ngumu kabisa. Yule anasema laini ndiyo inasikia samaki. Nimeingia duka moja, kijana akanishikisha fimbo ya dola 250 kabla hata hajaniuliza navulia wapi. Mimi nina dola 180, fimbo na rili (ile mashine ya kuzungushia uzi) pamoja. Je, fimbo moja itafanya kazi zote mbili? Urefu gani? Na hizo herufi za ugumu wa fimbo, M (wastani), MH (ngumu kiasi), H (ngumu), ni za kuziamini?

MzeeMshipi

Mdigo, salaam. Mimi ni wa Moa, pwani ya Tanga, nimekulia kwenye mshipi wa mkono, siku hizi navua Lake Fork, hapa hapa Texas, kila nikipata nafasi. Usianze na fimbo. Anza na ndoana, maana fimbo ni mtumishi wake.

Mnyoo wa plastiki unafungwa namna ya Texas: risasi yenye umbo la tone inateleza juu ya uzi, na ncha ya ndoana imefichwa ndani ya mnyoo ili isikamate majani. Kwa hiyo samaki akichukua, ndoana lazima itoboe plastiki kwanza, ndipo itoboe mdomo wake, na mdomo wa besi una mfupa. Jigi nayo ina ndoana ya waya mnene na ina ndevu ngumu za plastiki mbele ya ncha, nazo lazima zilale kabla hajanasa. Ukipiga na fimbo laini, nguvu yote inaishia kwenye kupinda kwa fimbo. Besi anaachama na kukutemea chambo.

Lakini ukienda na gogo la mti pia umepotea. Besi hapigi mnyoo kama anavyopiga chambo kinachokimbia. Anaufyonza. Unachokisikia ni *ti!* moja ndogo, au uzi unaanza kwenda pembeni, au ghafla risasi haina uzito tena. Ncha ya fimbo isipokuletea habari hiyo, utakaa umesimama huku samaki ameshaonja na kuondoka. Mshipi ulikuwa unapita kwenye kidole. Hapa kidole chako ni ile ncha.

Kwa hiyo jibu langu: futi 7, MH, na mpindo wa haraka, yaani inayopinda karibu na ncha tu halafu mgongo unakaza. Kwa fimbo hiyo utarusha mnyoo wenye risasi ya robo aunsi na utarusha jigi ya 3/8 hadi nusu aunsi bila taabu. Moja inatosha.

Kuhusu herufi: MH ya kiwanda kimoja ni M ya kingine, hakuna anayewasimamia. Soma zile namba ndogo juu ya mpini. Unataka uzito wa chambo kuanzia robo aunsi hadi robo tatu au aunsi moja, na uzi wenye nguvu ya paundi 12 hadi 20. Halafu jaribu mwenyewe. Mpe mwenzio ashike ncha, wewe inua mpini polepole. Mpindo ukiishia kwenye theluthi ya juu, hiyo ndiyo. Ukishuka mpaka katikati, irudishe ukutani. Hiyo ni ya vyambo vya mbao na plastiki ngumu vyenye ndoana za ncha tatu, ambazo ni nyembamba na zinataka fimbo inayosamehe.

Jambo ambalo wauzaji hawasemi: funga rili papo hapo dukani, kisha egemeza fimbo juu ya kidole kimoja, mbele kidogo ya rili. Ncha ikidondoka kwa kasi, iache. Mnyoo na jigi vinavuliwa ncha ikiwa juu muda wote, na fimbo nzito mbele itakuua kifundo cha mkono kabla ya adhuhuri.

Pesa: dola 100 au 110 kwenye fimbo, zilizobaki kwenye rili. Kwa vyambo vingine ningekwambia kinyume chake.

Futi saba na nusu ni ya watu wa boti wanaodumbukiza jigi katikati ya magugu. Wewe una miti mgongoni.

Furaha_FW

Shikamoo mzee. Nakubali mengi, ila umesahau kumwuliza kama amewahi kutumia rili ya juu. Zile zinazokaa juu ya fimbo, spuli, yaani kile kigurudumu cha uzi, ikizunguka haraka kuliko chambo kinavyoruka, uzi unafumka wote na asubuhi yako imeisha. Mimi navua kwenye mabwawa ya mjini huku Fort Worth, maji yamekanyagwa na kila mtu, besi wameona kila kitu. Natumia spiningi, rili ya chini, fimbo futi 7, M, mpindo wa haraka. Uzi wa kusuka paundi 10, mbele nimeunga uzi wa fluorokaboni wa paundi 8. Mnyoo mfupi hauna risasi, nautoboa katikati, naacha uzame wenyewe huku unatetemeka ncha zote mbili. Mdogo wangu Mdigo, kwa dola 180 utapata spiningi nzuri sana na hutalia.

Pia, ukivulia ukingoni ndani ya bustani za jimbo, Texas hawadai leseni ya uvuvi. Nje ya hapo ukiwa na miaka 17 na kuendelea uwe nayo.

MzeeMshipi

Marahaba mwanangu. Kwa bwawa la mjini na mnyoo usio na risasi sikupingi hata kidogo. Lakini yeye kasema jigi, tena kwenye mawe. Jigi ya nusu aunsi kwenye fimbo ya M yenye uzi wa paundi 8 ni kumpa besi mkubwa ruhusa ya kurudi nyumbani na jigi yako mdomoni.

Rili ya juu inafundishika. Mdigo, funga jigi, bonyeza kitufe, acha ishuke kwa uzito wake. Kaza kile kirungu cha pembeni mpaka ishuke taratibu na spuli isimame yenyewe jigi ikigusa ardhi. Breki weka juu, utapunguza baadaye. Kidole gumba kilale juu ya spuli, kikandamize chambo kinapokaribia maji. Chagua rili ya 7 kwa 1, yaani ukizungusha mkono mara moja spuli inazunguka mara saba, kwa sababu besi wa jigi ana tabia ya kukimbilia kwako, na uzi uliolegea haunasi kitu.

Uzi, kwa mawe yale, fluorokaboni paundi 15. Inazama na inavumilia kusuguliwa.

Na usidhani samaki wakubwa wanasoma ushauri wetu. Rekodi ya Texas, paundi 18.18, ilitoka hapo Fork mwaka 1992 kwa kasamaki kadogo kalikokuwa hai. Jigi zetu zote zilikuwa sandukuni.

Kiboko_Naivasha

Salamu kutoka Naivasha. Sisi huku besi tunao tangu mwisho wa miaka ya 1920, waliletwa kwa ajili ya uvuvi wa starehe. Halafu mwaka 1970 wakaletwa wale kamba wekundu wa maji baridi wa asili ya Louisiana, na besi wakawapenda kweli. Kwa hivyo jigi ya kahawia yenye wekundu kidogo, ikiburutwa polepole chini kando ya mafunjo, huwa inafanya kazi. Huko Texas kamba hao ni wenyeji, jaribuni rangi hiyo kwa yale mawe.

Mimi yangu ni spiningi MH, si M, inayokatika vipande viwili, kwa sababu ya matatu. Fimbo ya kipande kimoja ya futi 7 kondakta atakulipisha kiti. Watu husema kiungo kinaua hisia. Kama kimeingia vizuri sioni tofauti. Tatizo langu ni viboko, hao hawajali mpindo wa fimbo.

Mdigo_wa_Garland

Asanteni sana. Nimechukua futi 7, MH, dola 105, imeandikwa robo hadi robo tatu aunsi, uzi 12 hadi 20. Nilifanya lile jaribio la kidole, fimbo mbili za kwanza zikadondoka ncha. Rili ya juu, 7 kwa 1, ilikuwa kwenye punguzo. Jana nimerusha uani mpaka giza, kidole gumba kimeanza kuelewa. Swali la mwisho: jigi ikinasa kwenye mawe nafanyaje?

MzeeMshipi

Kwanza legeza uzi, tikisa ncha kidogo, mara nyingi inaanguka yenyewe. Ikikataa, tembea upande wa pili na uivute ilikotokea. Ikikataa tena, usiinue fimbo juu ukaivuta kwa hasira, hapo ndipo fimbo ya grafiti inapokatika. Elekeza fimbo moja kwa moja kwenye jigi, shika spuli, rudi nyuma mpaka uzi uachie. Usijizungushie uzi mkononi, utakukata.

Na nunua jigi za 3/8 za bei ya chini, nyingi. Mawe ya I-30 nayo yanakula.