Muuza mishale, usimsingizie mtoto kwa ncha zako nyepesi!

Wanajamvi, salamu. Nina hasira, mnivumilie.

Nipo Tanga. Mpwa wangu, binti wa miaka 14, anajifunza upinde, jioni tunafanyia mazoezi uwanja wa wazi huku Raskazoni. Nikamnunulia mishale 12 ya kaboni kwa jamaa anayeuza mtandaoni, shilingi 240,000. Tangazo lilisema ncha gramu 6.5.

Tangu siku ya kwanza mishale inakwenda mrama. Ikitoka kwenye ugwe (kamba ya upinde) inatikisa mkia kama samaki, na kusi hii ikiipiga ubavuni ndiyo kabisa. Mita 20 tu! Nikamtumia muuzaji video. Jibu: "Mkono wa mtoto unatetemeka, afanye mazoezi." Binti akalisikia. Siku tatu hakuugusa upinde.

Juzi nikaulaza mshale mmoja juu ya kidole, nikausogeza polepole mpaka ukatulia. Kutoka pengo la ugwe kule mkiani hadi mwisho wa wano (mti wenyewe wa mshale, bila ncha) ni sentimita 76, nusu yake 38. Ulitulia kwenye 40. Yaani uzito umesogea mbele sentimita 2, hata asilimia 3 ya urefu haifiki! Mishale ya shabaha kwa kawaida huwa kama asilimia 7 hadi 15. Uzito ukikaa mbele, manyoya ya mkiani yanakuwa mbali nao, yanapata nguvu ya kuunyoosha mshale. Ukikaa katikati, yanahangaika bure. (Ukizidi sana mbele mshale unainamisha pua mapema, najua, ila sisi hatuko huko.)

Nikafungua ncha zote, nikazipeleka kwa sonara Ngamiani. Mizani ya dhahabu hiyo: 3.1, 2.8, 3.6... hakuna hata moja iliyofika gramu 4! Na zenyewe kwa zenyewe hazilingani, ndiyo maana kila mshale ulikuwa unaangukia kwake.

Rafiki kaniazima ncha moja ya gramu 6.5. Mshale uleule ukatulia kwenye 45.5, karibu asilimia 10. Binti yuleyule, mkono uleule "unaotetemeka", akauachia ukaenda umenyooka, tukasikia tu umegonga.

Picha za mizani nimemtumia muuzaji. Kaziona, kanyamaza. Unajijua, na humu unapita. Nataka ncha 12 za uzito ulioutangaza au pesa yangu, halafu umpigie huyo mtoto umwombe radhi.