Mzee wangu na Deep Purple: inafaa kulipia tiketi kuwaona katika umri huu?

Mwana_Chumbageni

Wakuu, heshima zenu. Naomba ushauri, hasa kwa mliokwisha kuingia maonyesho ya bendi kongwe za roki huku Ulaya.

Baba yangu anakuja kutoka Tanga kunitembelea Uingereza kwa mara ya kwanza. Ujana wake alikuwa Dar miaka ya 70, enzi za bendi ya Sunburst, akipiga besi na vijana wenzake, wakikopi nyimbo za Wazungu kwenye mabugi ya mchana. Katika bendi zote hizo hakuna aliyoipenda kama Deep Purple. Sisi watoto tumekulia kwenye kanda ya maonyesho yao ya Japani ya 1972. Ilikatika, ikaungwa kwa selotepu, ikaendelea kupigwa.

Nataka kumkatia tiketi, iwe hapa Uingereza au hata Ujerumani, mradi ziara yao iangukie muda atakaokuwapo. Ninachoogopa ni umri. Ian Gillan, mwimbaji, kazaliwa Agosti 1945. Roger Glover wa besi ni wa mwaka huohuo. Ian Paice wa drams ni wa 1948. Ritchie Blackmore aliondoka 1993 na Jon Lord wa kinanda alifariki 2012. Mume wangu anasema nitampeleka mzee akawatazame wazee wenzake wakihangaika, na ile picha aliyoitunza kichwani miaka yote itaharibika. Bei nayo si ya mchezo. Je, nikate tiketi, au ninunue video nzuri ya zamani tukae naye sebuleni?

Nyuzi_Nne

Dada, shemeji ana hoja, ila sidhani kama hoja hiyo inaihusu bendi hii.

Mimi ni fundi mitambo wa sauti, kwa hiyo nitakueleza kwa upande wa kazi. Kinachotangulia kuchoka katika bendi ya roki ni koo la mwimbaji. Nyimbo hizi zilitungwa na vijana wa miaka ishirini na kitu, wakapandisha sauti hadi mwisho wa uwezo wao bila kuwaza kwamba wataziimba tena baada ya nusu karne. Ndiyo maana bendi nyingi hushusha nyuzi za magitaa nusu toni au toni nzima ili mwimbaji aifikie noti. Wengine huchomeka sauti iliyorekodiwa kabla. Aerosmith walikubali ukweli Agosti 2024: koo la mwimbaji wao, Steven Tyler, lilikuwa limeumia, wakatangaza kwamba hawatafanya ziara tena. Uamuzi ule niliuheshimu sana.

Sasa mtazame Gillan. Ule wimbo wao mrefu wa 1970 wenye mayowe ya juu kabisa alishaacha kuuimba jukwaani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Anaimba nyimbo anazozimudu, na kinanda na gitaa vinapojibizana yeye huondoka jukwaani akapumzika. Bendi hii tangu mwanzo ilijengwa juu ya kujibizana kwa vyombo, kwa hiyo mapumziko yake hayaachi pengo.

Mikono nayo ina habari tofauti na koo. Paice alipatwa na kiharusi kidogo Juni 2016, maonyesho yakaahirishwa, kisha akarudi kwenye drams na hadi leo yupo. Ndiye pekee aliyebaki tangu bendi ianze 1968. Don Airey wa kinanda ni wa 1948 pia. Mwaka 2022 Steve Morse aliacha gitaa la solo ili amuuguze mkewe, akaingia Simon McBride wa Ireland ya Kaskazini, mtu wa 1979. Kijana akiingia kati ya wazee wa namna hii, huwalazimisha wote kukaza. Mwaka 2024 walitoa albamu mpya kabisa. Bendi inayokula urithi tu haihangaiki kuingia studio.

Kata tiketi.

Kisiki

Mimi nitapinga, tena kwa uchungu. Niliwahi kwenda kuona bendi moja kongwe (sitaitaja) kwa kiingilio kilichonikausha mfuko. Uwanja ulikuwa mkubwa, nikakaa mbali, kwa hiyo nilichotazama ni skrini. Mdomo wa mwimbaji ukawa unafunga huku sauti inaendelea. Watu wanashangilia, mimi nimenyamaza. Nilichodhulumiwa pale ni kuaminiana: nilikuja kusikia binadamu akiimba, nikauziwa kanda.

Ya 1972 ipo na haitazeeka. Mzee ana haki ya kubaki na bendi yake ilivyokuwa. Hizo pesa mpeleke akaone bahari na majumba ya makumbusho, arudi Tanga na furaha yake.

Binti_Makunduchi

Kaka Kisiki, pole sana. Kuchezewa pleibeki ni udanganyifu na sitautetea. Lakini je, tumesahau tulivyokwenda kumsikiliza Bi Kidude?

Mimi nilimwona Ngome Kongwe kwenye Sauti za Busara, katika miaka yake ya mwisho kabla hajafariki Aprili 2013. Umri wake halisi hata yeye mwenyewe hakuwa nao kwenye karatasi. Alikuwa ajuza kweli, na ile sauti haikuwa ya msichana. Ilikwaruza, pumzi ikamkata katikati ya mstari, akaisubiri irudi kisha akaendelea. Hakuna aliyenong'ona kwamba angepumzika nyumbani. Watu walikaza macho kwa sababu mashairi yale ya unyago na taarabu yalikuwa yanatoka kwa mtu aliyeyaishi, na kila aliyekuwapo alijua kwamba huyu akiondoka hakuna wa kushika mahali pake. Kanda zake ninazo. Hazijawahi kunifanya vile.

Kwa nini basi Mzungu wa miaka 80 tumdai sauti ya miaka 27? Mpeleke baba, mwanangu. Ila umwambie mapema kwamba sauti imebadilika, asije akaingia akitarajia ya kwenye kanda.

Mwamba254

Nawasalimu kutoka Nairobi. Wapenzi wa roki tupo hapa na bendi zetu tunazo, lakini majina makubwa kama haya ni nadra sana kushuka huku. Kwa hivyo mimi nikisikia mtu yuko saa chache tu kutoka ukumbini na bado anauliza, moyo unaniuma.

Dadangu, fikiria Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Black Sabbath. Tarehe 5 Julai 2025 Black Sabbath walipiga mara ya mwisho uwanja wa Villa Park, Birmingham, mtaani kwao Aston. Wote wanne wa kwanza walikuwepo, na Bill Ward wa drams hakuwa amepiga nao tangu 2005. Ozzy alikuwa na ugonjwa wa Parkinson, akaimba akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi. Mimi nilitazama kwa intaneti usiku huo. Sauti ilipotea mahali pengi, lakini ungeona macho yake na vile alivyojaribu kuinuka kitini! Tarehe 22 mwezi huohuo akafariki. Waliosema watamwona siku nyingine walikosa.

Phil Collins naye, ziara ya mwisho ya bendi yake ya Genesis iliyoishia London Machi 2022, aliimba ameketi, drams zikipigwa na mwanawe Nic. Alikuja vile alivyo, hakumdanganya mtu. Mimi hiyo nitailipia.

Kisiki

Ya Bi Kidude imenigusa, shikamoo mama. Nakubali kwamba aliyekuja na sauti yake mwenyewe, hata ikiwa imechakaa, hajanidhulumu. Basi swali la kumuuliza dada ni hili: atajuaje kabla ya kulipa?

Nyuzi_Nne

Swali zuri. Achana na video rasmi, zile husafishwa studio. Tafuta zilizorekodiwa na watazamaji kwa simu katika ziara ya mwaka huu, tena usiku tofauti tofauti. Mwimbaji wa kweli hubadilika: leo anachelewa mstari, kesho anaurefusha, keshokutwa anakohoa. Ukikuta pumzi zilezile na mkwaruzo uleule mahali palepale kila usiku, funga mfuko wako.

Pili, chagua ukumbi wa ndani wenye watu elfu chache badala ya uwanja wa mpira. Ukubwa wa uwanja huua sauti ya mtu mzima kuliko umri wake. Na mnunulie mzee vizibo vya masikio vile vya wanamuziki, vinapunguza kelele bila kuua muziki. Masikio ya mpiga besi wa zamani hayana akiba ya kupoteza.

Chapati_Moto

Kwa nini asimpeleke kwa Queen? Freddie Mercury, mwimbaji wao wa zamani, ni mtoto wa Unguja, kazaliwa Mji Mkongwe 1946, na Brian May na Roger Taylor wamefanya ziara nyingi na Adam Lambert tangu 2012. Kijana anaimba kwelikweli.

Mwana_Chumbageni

Ahsanteni wote, sikutarajia msaada wa namna hii. Mama Makunduchi, shikamoo.

Chapati_Moto, la Queen nilishamgusia baba. Anamsifu Lambert, lakini Freddie kaondoka 1991 na John Deacon wa besi kastaafu 1997, na kwake bendi iliyopoteza besi imehama nyumba.

Jana usiku nimetazama video za simu kama ulivyosema, Nyuzi_Nne. Gillan kila onyesho ana lake, mahali pengine anaongea zaidi ya kuimba. Mume wangu alikaa kando yangu, akanyamaza, kisha akaniomba nirudishe pale Airey alipoanza kinanda peke yake.

Halafu nikampigia baba. Nikamweleza yote: sauti imeshuka, Blackmore hayupo, Lord hayupo. Akasikiliza hadi mwisho akauliza jambo moja tu, kama Glover bado anapiga mwenyewe. Nikamwambia anapiga. Akasema, "Basi kata."

Kilichobaki ni viti. Magoti yake hayawezi kusimama saa mbili, na tiketi za kukaa zipo pembeni tu. Nizichukue?

Nyuzi_Nne

Chukua. Katika video hizohizo angalia Glover anasimama upande gani wa jukwaa, ukate viti vya upande huo, safu za chini. Mzee atataka kuona vidole.