Naomba ushauri: Zaburi anaijua kwa kichwa, kuisoma hawezi

Habari zenu ndugu. Nafundisha P5 (darasa la tano) katika shule ya kanisa huku Jinja, Uganda. Nina kijana wa miaka 12 ananinyima usingizi, na wala si mtundu. Kwenye ibada ya asubuhi anaikariri Zaburi ya 23 yote bila kukwama. Mpe Biblia aisome hiyo hiyo: anaweka kidole kwenye mstari, jasho linamtoka, "b" inageuka "d", mwishowe anabuni maneno yake. Hesabu za mdomo anawashinda wenzake wote. Ziandike kwa maneno, basi tena.

Nahisi ni disleksia, ile shida ya kusoma na kuandika isiyotokana na uvivu wala akili ndogo, ila mimi si mtaalamu. Walimu wenzangu wanasema ni uvivu, mmoja kashauri aombewe. Namwombea kila siku, lakini hata mwenye macho mabovu tunamwombea na miwani tunamnunulia.

Kinachonitia hofu ni PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. UNEB, baraza la mitihani la Uganda, huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, lakini shule ndiyo inayopaswa kupeleka maombi ya muda huo, na uongozi wetu unataka arudie darasa tu. Amesharudia mara moja.

Chuo Kikuu cha Kyambogo wanafundisha walimu wa elimu maalumu. Kuna aliyewahi kumpeleka mtoto huko kupimwa? Na darasani, nikiwa na watoto 74, naanzia wapi? Nimejaribu kumpa mtihani kwa mdomo, wenzake wakalalamika napendelea.

Halafu baba yake anaamini kiboko. Huyo nimwingieje?