Mrejesho: likizo ya Oktoba na watoto, Copenhagen

Habari zenu wapendwa. Niliwauliza nitafanyaje na watoto wangu, wa miaka 6 na 4, shule zikifungwa wiki ya 42 ya mwaka huku Denmark, wakati baba yao yuko zamu ya usiku na mchana analala. Wengi mlisema niwatoe nje hata mvua ikinyesha.

Nimewatoa. Suti za mvua na mabuti ndiyo kila kitu, bila hivyo msijaribu. Tuliokota zile mbegu kubwa za kahawia zinazong'aa chini ya miti (Kiingereza: horse chestnut). Haziliwi, zina sumu, kwa hiyo mdogo nilimkagua mdomo kila mara. Nyumbani nikazitoboa kwa msumari, wao wakachomeka njiti za kiberiti: ng'ombe, mbuzi, twiga. Twiga hakusimama hata kwa dawa. Vilio!

Aliyetaja Makumbusho ya Taifa, Mungu akubariki. Walio chini ya miaka 18 hawalipi, na sehemu ya watoto wanashika vitu watakavyo. Ila nendeni mapema, hujaa. Tivoli, ile bustani ya michezo na bembea, tumeiacha, kwa bei ile hapana.

Jirani yetu, bibi wa Kidenmark, alituambia zamani watoto walipewa likizo hii wakavune viazi. Mkubwa wangu akadai jembe! Nikampa viazi amenye, tukala vya nazi.

Baba yao alilala, si sana, lakini alilala.

Sasa Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, hawa wataniamsha saa 11 alfajiri badala ya 12. Mwenye mbinu?