Sarafu ina madhabahu ya moto na "bismillah" pamoja: niiweke trei gani?

Pambizo:
Wakuu, naandaa lebo za maonyesho madogo ya sarafu zenye alama za dini. Nimezigawa kwa trei: Ukristo, Uislamu, Uyahudi, Uhindu, Ubudha, Uzoroasta (dini ya kale ya Uajemi, inayoheshimu moto). Kuna moja inagoma kuingia popote. Ni ya fedha, nyembamba, upana milimita 31, uzito gramu 3.9. Mbele ina kichwa cha mfalme mwenye taji la mabawa, nyuma madhabahu ya moto na walinzi wawili. Ila pambizoni mwa upande wa mbele, robo ya chini kulia, kuna Kiarabu ninachokisoma "bismillah". Ni feki? Au kuna mtu aliyachonga maneno hayo baadaye?

FedhaNyembamba:
Kwa vipimo hivyo na maneno kukaa robo hiyo, inaelekea kuwa halali. Aina hiyo huitwa ya Kiarabu-Kisasani. Yazdgerd III, mfalme wa mwisho wa Wasasani, ukoo uliotawala Uajemi kabla ya Waislamu, aliuawa mwaka 651, lakini karakana za Uajemi hazikufungwa. Magavana Waislamu waliwaacha mafundi waendelee na mchoro uleule: sura ya mtindo wa Khusro II, aliyekufa 628, na moto wa Wazoroasta. Kilichoongezwa ni neno la pambizoni. Hapo hakuna fumbo la imani, ni mambo ya soko. Anayelipwa anaitambua dirhamu, sarafu ya fedha, kwa sura yake. Ibadilishe ghafla uone kama hataipeleka kwenye mizani kwanza.

Kujua kama maneno yalichongwa baadaye, chukua kioo cha kukuza mara 10 na taa ya pembeni. Herufi zilizopigwa pamoja na sarafu huwa zimeinuka, kwa sababu zilichimbwa ndani ya chapa, yaani chuma cha kupigia sarafu. Zilizoongezwa kwa ncha ya chuma huwa zimezama. Kama zimeinuka lakini kingo zake ni laini kama sabuni, na uso una vishimo vidogovidogo vya hewa, basi sarafu imemiminwa kwenye kalibu, haikupigwa kwa nyundo. Hiyo ndiyo feki.

Usikimbilie kuandika mwaka. Upande wa nyuma, kushoto kwa moto ni mwaka kwa maneno ya Kipahlavi, lugha ya Uajemi wa zamani, kulia ni kifupisho cha mji. Kosa linalowanasa wengi ni kalenda, maana zilitumika tatu: ya Hijria, ya Yazdgerd (kuanzia 632), na ile inayohesabu tangu kifo chake (651). "35" ya Hijria ni 655 au 656; ya Yazdgerd ni karibu 666; ya tatu ni karibu 686. Ukiona jina la gavana mahali pa Khusro, mfano Ubaidullah bin Ziyad, miaka ya utawala wake itakuonyesha kalenda ipi inakubali.

Mhunzi wa Dinari:
Naongezea upande wa Sham (Syria na jirani zake), kwa sababu huko mchoro uliguswa kabla ya maneno. Bizanti, dola ya Kikristo ya Roma ya Mashariki, walikuwa na solido, sarafu ya dhahabu, yenye msalaba juu ya ngazi, mtindo ulioanza kwa Tiberius II (578–582). Dinari (sarafu za dhahabu) za mwanzo za Waislamu ziliuiga, ila mkono wa msalaba ukaondolewa ikabaki nguzo juu ya ngazi, na misalaba midogo juu ya mataji ya wafalme ikafutwa. Anayetazama kwa haraka anaandika "msalaba" kwenye lebo. Tazama tena kama kweli kuna mkono wa kukatiza.

Karibu wakati huohuo, mwaka 692 hivi, Justinian II, mfalme wa Bizanti, aliweka uso wa Kristo mbele ya solido na kujisogeza mwenyewe nyuma akiwa ameshika msalaba. Alipong'olewa madarakani na kurudi mwaka 705, Kristo akatoka mwingine kabisa: kijana, nywele za kusokotana, ndevu fupi. Zote mbili ni halali, kwa hiyo usiitupe ya pili kwa kudhani si yeye.

Khalifa Abdul-Malik bin Marwan alipitia dinari ya khalifa aliyesimama na upanga, kisha mwaka 77 wa Hijria (696/697) akafuta picha zote. Dinari mpya ina gramu 4.25 na maandishi matupu: shahada katikati, maneno ya Sura ya 9 aya ya 33 pambizoni, na upande wa pili maneno ya Ikhlas, "hakuzaa wala hakuzaliwa". Kwa jirani mwenye Kristo kwenye sarafu yake, hilo lilikuwa jibu. Mtindo huo wa maneno ulisafiri mbali. Shaba za Kilwa za Ali bin al-Hasan zina jina lake upande mmoja, na upande mwingine "yathiqu bi-mawla al-minan", anamtegemea Mola wa fadhila. Vina vinakutana ukiigeuza sarafu.

ChapaMbili:
Yote sawa, lakini naona tatizo ni trei zenyewe. Kanishka, mfalme wa Wakushani waliotawala Asia ya Kati na kaskazini mwa India, alipiga dhahabu yenye Budha na neno BODDO kwa herufi za Kigiriki. Mfalme huyohuyo alipiga pia Oesho, anayefanana na Shiva, na Mithra, na mungu wa kike Nana. Ukimweka trei ya Ubudha umemsingizia.

Maneno nayo hudanganya. Dirhamu za Akka, mji wa pwani ya Palestina, za 1251 ukizitazama juujuu ni za Waislamu, lakini Kiarabu chake kinasema "Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja", walizipiga Wafaranki, yaani Wakristo wa Vita vya Msalaba. Offa, mfalme wa Mercia huko Uingereza, aliiga dinari ya Abbasi ya mwaka 157 wa Hijria, shahada ikiwemo, na OFFA REX ikakaa kichwa chini ukilinganisha na Kiarabu. Muhammad bin Sam wa Ghor, Mwislamu, alipiga dhahabu yenye Lakshmi ameketi, jina lake likiwa kwa Kinagari, maandishi ya India. Na kodi ya Hekalu la Yerusalemu ililipwa kwa fedha ya Tiro yenye kichwa cha Melqart, mungu wa Tiro, kwa sababu fedha yake ilikuwa safi.

Pambizo:
Nimeelewa, trei nazivunja. Swali la mwisho: ninayo shaba ya Rama na Hanuman, imeandikwa East India Company 1818. Inaingia?

ChapaMbili:
Itoe. Kampuni hiyo, ya biashara ya Waingereza huko India, haikutoa kitu hicho. Ni vipande vya kisasa vya kuuzia watalii na waumini. Ukitaka miungu ya Kihindu kwenye sarafu halali ya Kampuni, tafuta pagoda, sarafu ya dhahabu ya Madras yenye Vishnu na wake zake wawili. Ukitaka Rama na mkewe Sita, Akbar, mfalme Mwislamu wa Mughal huko India, aliwapiga, ila hizo ni adimu mno na feki zake ni nyingi.

FedhaNyembamba:
Na usiioshe ile fedha kwa limau wala dawa ya meno. Asidi hula uso na dawa ya meno huukwaruza. Uchafu wa mafuta utoe kwa asetoni safi, dakika chache, kisha iache ikauke bila kuisugua. Lebo iandike kwa mistari mitatu, kila mmoja ukijibu swali lake:

Imetolewa na: gavana Mwislamu, Uajemi, baada ya 651 (kalenda bado haijathibitishwa).
Mchoro: mfalme wa Kisasani, madhabahu ya moto ya Wazoroasta.
Kilichoongezwa: "bismillah" kwa Kiarabu, pambizoni.