Ruzuku ya unga na petroli imeondolewa, mbolea imeshuka: je, Rais Ruto ameanza vyema?

Karani Mstaafu:
Ndugu zangu, tujadiliane kwa utulivu. Rais William Ruto wa Kenya aliapishwa uwanja wa Kasarani Jumanne iliyopita, tarehe 13 Septemba 2022, na hotuba yake ile nimeisikiliza mara mbili. Alisema ruzuku za matumizi hazibebeki. Ya mafuta peke yake imekula shilingi bilioni 144, na bilioni 60 kati ya hizo zilitoka katika miezi minne ya mwisho. Ya unga wa mahindi ilikula bilioni 7 kwa mwezi mmoja, na unga wenyewe hatukuuona madukani. Yeye anataka pesa ziende kwa anayezalisha: mifuko milioni 1.4 ya mbolea, mfuko wa kilo 50 ushuke kutoka 6,500 hadi 3,500. Halafu ipo ahadi ya Hazina ya Hustler, mikopo ya bilioni 50 kila mwaka kwa wafanyabiashara wadogo. Mimi nimeshika vitabu vya hesabu serikalini hadi nikastaafu, na naona mwelekeo ni sawa ingawa kasi yake inanitia hofu. Ninyi mwaonaje?

Nyundo:
Mzee wangu, hofu yako imechelewa. Keshoye tu baada ya kuapishwa petroli ilipanda Nairobi kutoka shilingi 159 hadi 179 kwa lita. Shilingi ishirini kwa usiku mmoja! Mtu alipigiwa kura na watu wa wilbaro, nembo ya chama chake, na wa kwanza kuumia ni huyo huyo wa wilbaro na wa bodaboda. Na pakiti ya unga tulikuwa tunainunua kwa shilingi mia moja kwa miezi mitatu, sasa tumerudi mia mbili.

Mwalimu wa Jiografia:
Nyundo, miezi mitatu ipi? Rais aliyeondoka, Uhuru Kenyatta, alitangaza unga wa mia moja mnamo Julai, na ulikuwa mpango wa wiki nne. Kwetu pakiti zilionekana siku ya kwanza, siku ya pili rafu zilikuwa tupu. Ruzuku ya kitu kisichopatikana dukani inamsaidia nani?

Nyundo:
Wiki nne, miezi mitatu, tumbo la mtoto halihesabu hivyo. Nimezungumzia bei, wewe unazungumzia kalenda.

Mkulima wa Cherangany:
Nawasalimu wote. Hapa kwetu msimu uliopita wengi walipanda bila DAP, mbolea ya kupandia, kwa sababu bei iliruka na vita vya Urusi na Ukraine vikazidi kuipandisha. Wengine walitumia samadi, wengine nusu ya kipimo, na ukipita barabarani leo unaliona shamba la nusu kipimo: mahindi yamesimama mafupi, rangi ya manjano. Kwa hiyo 3,500 ni habari njema, nasema bila kuficha.

Lakini naomba mjue jambo moja. Sisi huku tunapanda Machi na Aprili, tunavuna kuanzia Oktoba. Mbolea ya sasa ni ya wale wa mvua za vuli. Mahindi yatakayoota kwa mbolea yetu ya bei nafuu yatafika kwa msagaji mwisho wa mwaka ujao. Anayesema mbolea itashusha unga Krismasi hii hajawahi kushika jembe.

Karani Mstaafu:
Asante sana, mkulima. Huo ndio mchango niliouhitaji. Je, katikati hapo, kuanzia leo hadi mwisho wa mwaka ujao, nani atambeba mnunuzi? Hilo ndilo swali langu.

Nyundo:
Jibu la serikali ni Hazina ya Hustler. Na hapo ndipo ninapokataa kabisa. Tulikuwa na Hazina ya Vijana na ya Akina Mama tangu enzi za Kibaki, ikaja Uwezo enzi za Uhuru, mikopo mingi haikurudi. Leo tunapeleka bilioni 50 kwa mama mboga ambaye hajui hata faida yake ya jana ni ngapi. Pesa ikiingia mfukoni inakwenda kwa chama cha kuchangishana na kitenge. Hakuna hesabu pale.

Binti wa Muuza Mboga:
Nyundo, nimekuwa nikisoma kimya lakini hapo umenigusa. Mimi nimesomeshwa na meza ya mboga, kutoka darasa la kwanza hadi chuo. Nitakueleza hesabu za mama yangu kwa sababu umesema hazipo.

Anaamka saa tisa usiku. Anapofika sokoni, anajua kreti la nyanya lina nyanya nzuri juu na zilizopondeka chini, kwa hiyo bei anayoitaja muuzaji anaikata kichwani kwa kiasi cha zile za chini kabla hajafungua mdomo. Gunia la viazi anaangalia kama ni lumbesa ya kweli, yaani limejazwa kupita kipimo, au limevimbishwa kwa majani. Analipa mbebaji, analipa nafasi kwenye pikapu, analipa ushuru wa soko. Kufika saa mbili asubuhi anajua ni nyanya ngapi kwa fungu la shilingi ishirini ili arudishe mtaji kufikia saa nane mchana, maana baada ya hapo kila anachouza ni chakula chetu, na kitakacholala kitaoza. Hana daftari. Kichwa chake ndicho daftari, na kikikosea siku moja tunalala njaa. Wewe ukikosea hesabu kazini kwako, nani analala njaa?

Na chama unachokidharau ndicho kilicholipa karo yangu ya kidato cha pili.

Nyundo:
Dada, sikumtukana mama yako. Nilizungumzia sera. Ninyi mkishindwa kwa hoja mnaleta mama zenu.

Dereva wa Usiku:
Nyundo, wewe ndiye uliyemleta mama wa mtu hapa. Rudi juu ukasome ulichoandika. Mimi nabeba kabichi na viazi kwa lori usiku, na hao akina mama nikichelewa nusu saa wananikata bei papo hapo, wanajua shilingi ngapi imepotea kwa kila nusu saa. Msomi wa ofisini hawezi.

Na mjue petroli siyo habari kamili. Lori linakula dizeli, na dizeli ilipanda kutoka 140 hadi 165, shilingi 25, zaidi ya petroli! Sukumawiki haisafiri kwa petroli.

Jirani wa Makupa:
Nimshukuru rais kwa jambo ambalo hamjalitaja. Siku ya kwanza tu ameagiza shughuli za kuondoa mizigo zirudi bandari ya Mombasa, baada ya miaka ya makontena kulazimishwa kwa reli hadi bara. Hapa watu walifunga yadi, madereva wakakaa. Kwetu Pwani hiyo ndiyo ajenda. Mambo ya kitenge zungumzeni baadaye.

Binti wa Muuza Mboga:
Kaka wa Makupa, nafurahi kwa ajili yenu. Lakini ya kitenge hayatasubiri, kwa sababu sera nzima inajengwa juu ya picha ya mama huyo. Kampeni nzima alikuwa kwenye mabango. Sasa ameitwa asiyejua hesabu, na hakuna anayeshtuka isipokuwa dereva.

Mwalimu wa Jiografia:
Dada ana haki ya kukasirika, ila Nyundo naye ana hoja iliyofunikwa na ulimi wake. Zile hazina za zamani zilikwama wapi? Nyingi zilipitia vikundi, fomu, mihuri na mkutano na ofisa. Wenye jamaa ofisini walizipata kwanza, na aliyepata kwa undugu haoni deni, anaona zawadi. Kosa lilikuwa la mlango wa kuingilia. Wanaobeba mboga hawakufika hata kwenye foleni.

Nyundo:
Sawa, mwalimu, hapo tunaelewana. Lakini wakipata kupitia simu je? Tumeona mikopo ya simu. Watu wamejaa CRB, orodha ya wasiolipa madeni, kwa deni la mia tano.

Binti wa Muuza Mboga:
Nyundo, umesema la maana kwa mara ya kwanza. Mama aliwahi kukopa kwenye programu moja ya simu, mwaka wa korona, soko lilipofungwa. Deni lilikuwa dogo. Wiki ya tatu wakaanza kupigia simu watu waliohifadhiwa kwenye simu yake: mchungaji, mama mkwe wa dada yangu, mwalimu wangu. Alilipa, lakini hakwenda kanisani kwa miezi miwili. Kwa hiyo mtu akiniambia Hazina itakuja kwa simu, swali langu la kwanza ni: atakayeshindwa kulipa mtamfanya nini? Mtampigia nani?

Karani Mstaafu:
Binti yangu, pole sana kwa hayo. Rais amesema anataka mtindo wa kufungia watu nje kwa CRB ubadilishwe, mtu apewe alama ya uaminifu badala ya kuandikwa mbaya au mwema. Nalikubali. Ila naomba turudi kwenye ruzuku. Kuna anayeweza kunieleza kama mbolea ya bei nafuu imewahi kufaulu mahali?

Mwalimu wa Jiografia:
Malawi. Baada ya njaa ya 2005, serikali ya Bingu wa Mutharika ilitoa mbolea na mbegu kwa vocha, wafadhili wakiwa wamenuna. Mavuno yaliongezeka sana na miaka miwili baadaye waliuza mahindi Zimbabwe. Lakini gharama nayo ikapanda mwaka hadi mwaka mpaka ikabana bajeti, na mwisho mvua zilipokataa, mbolea haikuleta mahindi. Nani apate vocha, ndilo lililowasumbua daima.

Mkulima wa Cherangany:
Hapo hapo kwenye nani apate! Huku mbolea ya ruzuku siyo mgeni. Ilikuwepo kwa miaka, na nakumbuka lori zikiondoka bohari ya NCPB, bodi ya nafaka ya serikali, usiku, asubuhi mkulima akiambiwa imeisha, jioni anauziwa dukani kwa bei ya kawaida, mfuko umebadilishwa. Na 2018 mahindi yaliyonunuliwa na NCPB mengine yalikuwa ya wafanyabiashara, wakulima wakakaa bila malipo. Rais aliwahi kuwa waziri wa kilimo, tena naibu rais kwa miaka tisa na ushee. Haya hayahitaji kusimuliwa kwake. Ninachotaka kusikia ni orodha: jina langu, ekari zangu, mifuko yangu. Bei bila orodha ni bei ya dalali.

Dereva wa Usiku:
Mkulima umenena. Na mama mboga naye je? Anaandikwa wapi? Kwa kaunti? Kaunti inamjua kwa kumkimbiza tu.

Binti wa Muuza Mboga:
Dereva, asante! Hilo ndilo nililotaka kulisema tangu jana na hasira ikanipotosha. Mtaji wa mama haukuliwa na kitenge. Uliliwa na kanjo, askari wa kaunti. Mara tatu katika mwaka mmoja walibeba meza na kila kilichokuwa juu yake, na kila mara alikuwa amelipa ushuru, risiti ikiwa kwenye leso kiunoni. Mboga hazirudishwi. Ukienda kuzifuata zimeshaoza au zimegawanywa. Mkopo wa elfu kumi unachukua miezi kuujenga na gari la kanjo dakika kumi kuubeba. Mpe basi Hazina, akabebewe kwa riba.

Nyundo:
Kwa hiyo unakubaliana nami kuwa pesa itapotea.

Binti wa Muuza Mboga:
Sikubaliani nawe hata kidogo! Wewe ulisema atapoteza yeye. Mimi nasema ananyang'anywa. Hayo ni mambo mawili, na usiyachanganye ili uonekane ulishinda.

Mwalimu wa Jiografia:
Hapa pana shida ya katiba. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaweka masoko na leseni za biashara chini ya kaunti. Rais hawezi kuamuru kanjo asimame. Hazina inatoka Nairobi, gari la kanjo linatoka kwa gavana. Tulichagua magavana siku ile ile ya tarehe 9 Agosti, na hakuna hata mmoja wetu hapa aliyetaja ajenda ya gavana wake.

Jirani wa Makupa:
Kwa sababu hamkuuliza. Gavana wetu wa Mombasa aliapishwa juzi tu, uchaguzi uliahirishwa hadi tarehe 29 Agosti.

Nyundo:
Basi nitasema hivi. Neno la kitenge nalirudisha, lilikuwa la kuudhi, na mama nimwombe radhi. La ruzuku silirudishi. Kuondoa ruzuku ya mafuta na ya unga wiki moja, wakati mahindi yako shambani na mbolea ya bei nafuu haijagusa udongo wa Cherangany, ni kumwambia maskini avuke mto, daraja litajengwa mwakani.

Karani Mstaafu:
Hatukuondolewa ruzuku ya mafuta yote, Nyundo. Dizeli na mafuta ya taa bado zimebakishiwa sehemu ya ruzuku, ndiyo maana dizeli ni 165 na siyo zaidi. Na usisahau mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa Aprili 2021, uliosainiwa kabla ya rais huyu. Serikali yoyote ingeingia ingeukuta mezani. Mimi bado nasimama pale pale: bilioni 280 za ruzuku ya mafuta hadi mwisho wa mwaka wa fedha, kama alivyokadiria, zingemeza bajeti nzima ya maendeleo. Lakini nakiri swali langu la nani atambeba mnunuzi halijapata jibu, si hapa wala kwenye hotuba.

Binti wa Muuza Mboga:
Mzee, nimempigia mama usiku huu nikamsomea mjadala wote. Nyundo, amesema radhi ameipokea. Nikamuuliza, ukipewa elfu kumi za Hazina utafanya nini? Amesema atalipa kwanza deni la mwenye lori, kwa sababu tangu dizeli ipande nauli ya kreti imeongezwa na amekuwa akibeba kwa ahadi. Zitakazobaki atanunua vitunguu, maana vitunguu havifi haraka kanjo akija.

Dereva wa Usiku:
Mwambie mama mwenye lori naye anadaiwa na kituo cha mafuta.

Karani Mstaafu:
EPRA, wadhibiti wa bei za mafuta, watatangaza bei mpya tarehe 14 Oktoba. Tukutane hapa siku hiyo. Mkulima, nawe utuambie kama kuna aliyeandika jina lako.