Thomas Mann kugoma kurudi Ujerumani 1945: alikuwa sahihi au kiburi tu?

Msomaji wa Usiku: Wakuu naomba tujadili hili bila matusi. Mzee Thomas, mwandishi wa riwaya wa Kijerumani, katoka Munich Februari 1933 kwenda kutoa mihadhara kuhusu Wagner, yule mtunzi wa muziki, Amsterdam, Brussels, Paris, kisha akapitiliza Arosa Uswisi kupumzika. Watoto wake wakampigia simu kimafumbo kwamba Munich hali ya hewa mbaya sana, yaani Manazi wa Hitler wameshika nchi usirudi, mzee wa watu hakushtuka, akajibu hata huku Arosa hali ya hewa si nzuri 😂 Ndo ikawa jumla hakurudi. Agosti 1945 vita imeisha, mwandishi mwenzake Walter von Molo anamwandikia barua ya wazi, njoo nyumbani uwaponye watu wako. Akagoma. Alikuwa na haki?

Kaunta ya Juu: Kiburi. Frank Thiess, mwandishi aliyebaki Ujerumani, alimchana vizuri, kwamba sisi tuliobaki tumeyaishi, nyie mlikuwa mmekaa viti vya mbele huko nje mnatazama. Mtu ana nyumba yake California, mitende, bahari hapo karibu, anakula bata, halafu anasema vitabu vilivyochapwa Ujerumani kati ya 1933 na 1945 vinanuka damu na aibu, visagwe vyote. Ndo tabia ya wabeba boksi hiyo, mtu akishavuka maji anajiona ana akili kuliko waliobaki.

Binti Pangani: Kaunta hapo kwenye wabeba boksi umenigusa na nitakujibu. Bata gani? Kaka yake, Heinrich, kavuka milima ya Pyrenees kwa miguu 1940 ana miaka 69, kufika Hollywood kapewa mkataba wa mwaka mmoja Warner Brothers dola 125 kwa wiki, ulivyoisha akawa anaishi kwa hela ya mdogo wake, mkewe akajiua 1944. Hiyo ndo bata? Sie huku tunaamka saa kumi alfajiri kuna baridi usipime, mwisho wa mwezi ada ya mtoto wa dada, bati za mama, msiba wa mjomba, halafu mtu aliyekaa kaunta anatuita wabeba boksi.

Kaunta ya Juu: Hakuna aliyekuomba utume. Na uzi unamhusu Thomas, sio kaka yake.

Ticha Mstaafu: Vijana, hela zenu mtazimalizia inboksi. Kitu kinachonisumbua mimi ni hiki. Mei 1933 vitabu vya Heinrich vilichomwa, vya mwanawe Klaus vilichomwa, vya Thomas viliachwa. Klaus akaanzisha jarida Amsterdam la kuwapinga Manazi, baba yake akajitoa ili asiharibu soko la vitabu vyake Ujerumani. Mpaka Februari 1936 ndo akatamka wazi kwenye gazeti la Zürich yuko upande gani, na mwaka huohuo haujaisha akavuliwa uraia. Sasa juzuu mbili za kwanza za riwaya yake ya Yosefu na ndugu zake zilitoka Berlin kwa Manazi haohao, 1933 na 1934. Na zenyewe zinanuka damu?

Mzee Baraza: Ticha sijapenda hilo neno soko, unamfanya kama muuza nyanya. Huyu kaongea BBC toka 1940 hadi 1945, tena kuanzia 1941 kwa sauti yake mwenyewe, anarekodi sahani Los Angeles, sahani inapelekwa New York, inapigwa kwenye simu mpaka London ndo inarushwa Ujerumani. Na kule ukikamatwa unasikiliza redio ya adui ni jela.

Kaunta ya Juu: Redio hiyohiyo aliyotumia kushangilia mji wake kupigwa mabomu?

Mzee Baraza: Hakushangilia, acha kukurupuka. Lübeck, mji aliozaliwa, ilipigwa Machi 1942, akasema anaikumbuka Coventry, mji wa Uingereza ambao Wajerumani waliupiga mabomu kabla, na hana pingamizi na fundisho kwamba kila kitu lazima kilipwe. Na nyumba ya bibi yake pale Mengstraße, ile ya kwenye Buddenbrooks, iliungua ukabaki ukuta wa mbele. Wewe ungeweza kusema hivyo nyumba ya bibi yako imeungua?

Kaunta ya Juu: Bibi yangu muache.

Binti Pangani: Bado hujanijibu. Na hata Marekani kwenyewe si alikimbia 1952, enzi zile za kuwinda wakomunisti, akaenda kufia Uswisi 1955. Mtu anakula bata anakimbia?

Kaunta ya Juu: Kaenda Uswisi, kwao je? Mbona 1949 tuzo ya Goethe nauli ilipatikana, Frankfurt akaenda na Weimar kwa wakomunisti akaenda. Halafu dada wewe kila mwaka unarudi mwakani, mwaka gani huo?

Ticha Mstaafu: Mwaka huo wa 1949 Klaus kajiua Mei, baba kafika Frankfurt Julai. Na swali langu la juzuu za Berlin naona mmelipita.

Binti Pangani: Nitumie nauli wewe Kaunta, kesho nipo Julius Nyerere na begi langu.

Mgeni Jamvini: Samahani wakuu, kwa asiyemjua kabisa aanze na kitabu gani?

Kaunta ya Juu: Buddenbrooks, cha 1901, ndo kilichompa Nobel 1929, ni ukoo wa wafanyabiashara unaporomoka kizazi hadi kizazi, hutakiweka chini. Ile riwaya yake nyingine, Doktor Faustus, waachie wabeba boksi, wao wana muda.

Binti Pangani: Muda??? Mimi nina muda???